Santuri dola 9, nauli dola 27

Mjomba alivaa miwani, akaishika simu yangu mbali kidogo na uso, akasoma mara mbili. Santuri: dola 9. Kusafirisha: dola 27. Akanirudishia simu yangu.

"Mpwa wangu, hiyo santuri inakuja peke yake, au imekatiwa tiketi na mtu wa kuisindikiza?"

Tulikuwa barazani kwake Ngamiani, barabara ya kumi na nne, kahawa imeshapoa. Santuri yenyewe ni ile ndogo ya nyimbo mbili, mmoja kila upande, ya Jamhuri Jazz, bendi ya hapa hapa Tanga. Mjomba alikuwa nayo enzi hizo. Aliiazimisha kwenye harusi moja ya Makorora, na mambo ya harusi unayajua, haikurudi. Sasa iko kwa muuzaji mmoja Uholanzi, imekwaruzwa kidogo, na anaiuza kwa bei ya sahani chache za biriani. Kinachouma ni hiyo nauli. Kawaida tungesema gharama ya usafirishaji, lakini tangu jioni ile nami naiita nauli, maana utani wa mjomba umenikaa.

Siku hiyo nilimjibu kwamba dunia nzima bei zimepanda. Hilo ni jibu la mtu asiyejua. Kwa hiyo nikaanza kufuatilia, kidogo kwa ajili ya mjomba na zaidi kwa ajili yangu, kwa sababu nami nanunua muziki wa mtumba mtandaoni na kila mwaka naona nauli inazidi kuipita bei ya kitu chenyewe.

Kwanza tuulize imefikaje huko. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania ili zisikike hewani, lakini ikihitajika santuri ya kuuzwa dukani, kazi ilikwenda Kenya. Kwa Tanga haikuwa mbali. Mombasa iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam, unavuka mpaka wa Horohoro na umefika. Jamhuri Jazz, Atomic Jazz, na kwa upande wa taarabu Black Star na Lucky Star, nyimbo zao zilirudi mjini zikiwa kwenye santuri hizi ndogo zenye lebo za kampuni za Kenya. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa hadi 1983, na aliyekuwa na santuri akabaki na alizonazo. Kanda zikaingia. Santuri zikaanza kuonekana uchafu wa kabatini.

Wazungu wachache hawakuziona hivyo. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa mkusanyiko wa taarabu ya Black Star na Lucky Star, na watu wa mbali wakajua kuwa Tanga kuna kitu. Wakusanyaji wakaja, wakanunua, wakaondoka nazo kwenye mabegi. Siwalaumu, nyingi zingekuwa zimekwisha kwa mchwa na joto. Lakini ndiyo maana leo mtu wa Ngamiani anayetaka kusikia gitaa la Ngamiani analipa ndege itoke Amsterdam.

Sasa tuifungue nauli yenyewe. Watu wengi hudhani ni namba moja iliyopangwa na muuzaji mwenye tamaa. Wauzaji wenye tamaa wapo, nitawafikia. Ila ukiifungua utakuta ndani yake malipo matano au sita yaliyopangwa na watu tofauti, kila mmoja kwa sababu zake, na wengi wao hawajawahi kuigusa santuri.

Badiliko kubwa kwa santuri ndogo halikuhusu uzito hata kidogo. Posta za dunia zina chama chao, Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874 mjini Bern, Uswisi, na siku yake ya kuzaliwa ndiyo ile Siku ya Posta Duniani tunayoisikia redioni kila tarehe 9 Oktoba. Chama hiki ndicho kinachopanga nini kihesabiwe barua na nini kihesabiwe kifurushi. Kwa miaka mingi santuri ndogo ilisafiri kama barua nene. Muuzaji aliitia kwenye bahasha ya kadibodi, akabandika stempu, akaitumbukiza. Kwenye mkutano mkuu wa Istanbul mwaka 2016 ikaamuliwa kuwa karatasi zitenganishwe na bidhaa: barua ibaki nyaraka, na kitu chochote chenye thamani ya kuuzwa kipite njia ya bidhaa. Forodha za nchi nyingi zilikuwa zinalalamika kwamba biashara ya mtandaoni inapita ndani ya bahasha bila wao kujua kilichomo. Marekani ilianza kuitumia kanuni hiyo Januari 2018. Ujerumani mwaka uliofuata. Nyingine zikafuata.

Kwa hiyo santuri ile ile, ndani ya bahasha ile ile, iliamka siku moja ikaambiwa wewe ni kifurushi. Kifurushi kina bei yake ya kuanzia, na bei hiyo imepangwa kwa kufikiria kiatu au blenda, wala si kitu cha gramu 40. Anayenunua santuri kubwa hakuumia sana, kwa sababu ile ilikuwa kubwa kwa bahasha tangu mwanzo. Ni sisi wa santuri ndogo tulioangukiwa na dari, na muziki wa Tanga karibu wote uko kwenye santuri ndogo.

Pamoja na kuitwa kifurushi kukaja karatasi. Kila kifurushi sasa kinataka tamko la forodha: kitu gani, uzito gani, thamani gani. Na tangu 2021 nchi nyingi hazitaki tamko la kuandika kwa kalamu peke yake, zinataka taarifa zitangulie kwa kompyuta kabla mzigo haujapanda ndege. Posta imelazimika kununua mifumo, kufundisha watu, kurudisha mizigo isiyo na taarifa. Hayo yote mwishowe yanalipwa na mtu, na mtu huyo ni wewe.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulitaja kwa makosa, kwa hiyo nitalikalia kidogo. Utasikia nauli imepanda kwa sababu ya ugomvi wa Marekani na China kwenye posta. Ugomvi ulikuwepo kweli. Ili uuelewe, fikiria unatuma mzigo kwa basi kutoka Kange kwenda Dar. Unamlipa konda hapa Tanga. Mzigo unafika stendi ya Magufuli, Mbezi, na mpokeaji yuko Sinza. Bodaboda wa kuutoa Mbezi hadi Sinza analipwa na nani? Kwenye basi jibu ni rahisi, analipa mpokeaji. Kwenye posta stempu inanunuliwa upande mmoja tu, nchi inayotuma, ilhali kazi ya mwisho ya kuufikisha mzigo inafanywa na posta ya nchi nyingine. Zamani posta hazikudaiana chochote, zikidhani kila barua inayokwenda itazaa jibu linalorudi na hesabu itakuwa sawa. Mwaka 1969 zikakubali kuwa haiko sawa, na posta inayopokea mizigo mingi ikaanza kulipwa na posta inayotuma.

Malipo hayo yalipangwa kwa huruma: nchi maskini zililipa kidogo. China nayo ilikuwa upande wa nafuu, hata ikafika mahali kifurushi kidogo kutoka China kiliingia nyumbani kwa Mmarekani kwa bei ambayo jirani yake wa mtaa wa pili hangeweza kumtumia. Oktoba 2018 Marekani ikatangaza inajitoa kwenye Umoja. Septemba 2019 ukaitishwa mkutano wa dharura Geneva, wakapatana kuwa nchi zinazopokea mizigo mingi zianze kujipangia zenyewe kiasi cha kulipwa, Marekani ikaanza Julai 2020.

Sasa angalia mwelekeo. Ugomvi huo ulipandisha gharama ya mzigo unaoingia Marekani na nchi kubwa zinazojipangia bei. Haukugusa moja kwa moja kifurushi kinachotoka Uholanzi kuja Tanga. Anayeumia nao ni yule mzee wa Chumbageni mwenye sanduku la santuri chini ya kitanda anayetaka kumuuzia mtu wa Chicago. Huyo ana mzigo mwingine juu: tangu tarehe 29 Agosti 2025 Marekani imefuta msamaha uliokuwa ukiruhusu bidhaa za chini ya dola 800 kuingia bila ushuru, na posta nyingi duniani zilisimamisha kwa muda vifurushi vya kwenda huko kwa sababu hazikujua ushuru huo utakusanywaje. Kwa hiyo mtu akikwambia umelipa dola 27 kwa sababu ya China, mwambie asome tena ramani.

Kilichomgusa mnunuzi wa Tanga ni kupotea kwa meli. Kulikuwa na wakati unaweza kuchagua: ndege kwa bei, au meli kwa subira. Kifurushi cha meli kilichukua miezi miwili, mitatu, lakini santuri ya mwaka 1968 haiozi. Marekani ilifuta posta ya meli kwenda nje tarehe 14 Mei 2007, na nchi moja moja zikaiacha au zikaibana. Siku hizi kwa wauzaji wengi ni ndege tu, utake usitake. Na mizigo ya ndege kwa kiasi kikubwa haipandi ndege za mizigo. Karibu nusu yake, kabla ya korona, ilikuwa inakwenda kwenye tumbo la ndege za abiria, chini ya miguu ya watu wanaokwenda likizo. Mwaka 2020 watalii walipobaki nyumbani, matumbo yale yalitoweka ndani ya wiki chache. Posta na kampuni za vifurushi zikaweka nyongeza ya dharura. Ndege zilirudi. Nyongeza, nyingi zake, zilibadilishwa jina tu. Mwaka 2022 mafuta ya ndege yakapaa, nazo zikapata sababu nyingine.

Halafu kuna namba ya kufuatilia mzigo. Hii ni gharama tuliyojitakia, sisi wanunuzi. Kifurushi kisicho na namba ni nafuu zaidi, wakati mwingine kwa karibu nusu. Lakini mnunuzi akisema hakikufika, muuzaji hana ushahidi, na mfumo wa malipo utamrudishia mnunuzi hela yake. Wauzaji wameibiwa hivyo mara kadhaa, wengine na watu walioipokea santuri na kuisikiliza usiku huo huo. Kwa hiyo muuzaji anakataa kutuma bila namba, hasa kwenda nchi asiyoijua. Na Tanzania, kwenye orodha za wauzaji wengi, haina hata jina lake. Iko ndani ya kapu linaloitwa dunia iliyobaki. Ulaya ina bei yake, Marekani bei yake, Japani bei yake, na sisi tuko dunia iliyobaki pamoja na visiwa vya Pasifiki, tunatozwa bei ya aliye mbali kuliko wote.

Tuje kwa muuzaji, basi. Soko kubwa la muziki wa mtumba mtandaoni ni Discogs, lililoanzishwa mwaka 2000 huko Portland, Marekani. Lenyewe haliuzi santuri, linawakutanisha watu na kuchukua kamisheni. Tangu 2023 kamisheni hiyo ni asilimia 9, na haihesabiwi kwenye bei ya santuri peke yake, inahesabiwa na nauli pia. Kwenye dola 27 za mjomba, dola 2.43 zinabaki sokoni, wala hazigusi stempu. Muuzaji mwerevu anajua hivyo, kwa hiyo anaziongeza mapema. Anaongeza na kadibodi, na safari yake ya kwenda posta. Tamaa huanzia mahali fulani baada ya hapo, lakini ukijumlisha kwa haki utaona si nyingi kama tulivyofikiri.

Tahadhari moja ndogo: ukiona tangazo la Marekani linasema kusafirisha dola 5, usishangilie. Posta ya kule ina bei ya huruma kwa vitabu na muziki, ila ni kwa ndani ya nchi tu. Mara utakapoandika Tanga kwenye anwani, utaiona namba ikiruka.

Nikarudi kwa mjomba na maelezo haya yote, naye akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa. Inapungua vipi?"

Swali hilo lilitupeleka jikoni. Mkaza mjomba ana mizani ya kupimia unga wa visheti, ile ya kidijitali ya bei rahisi, nasi tukaiazima kwa masharti kwamba irudi bila vumbi. Mjomba akaleta santuri alizobakiwa nazo. Santuri ndogo ilisoma gramu 41. Ganda lake la karatasi gramu 8. Tukapima na santuri kubwa ya nyimbo nyingi: gramu 138, na jalada lake gramu 92. Kisha boksi tupu la kadibodi nililopokelea mzigo wa zamani, pamoja na vipande vigumu vya kuzuia isipinde: gramu 250. Mjomba aliliangalia boksi kwa muda. Boksi lilikuwa zito kuliko santuri na jalada lake.

Siri iko hapo. Nauli haipandi gramu kwa gramu kama nyama buchani. Inapanda kwa ngazi. Tuseme, kwa mfano tu, muuzaji anatoza dola 20 hadi gramu 500, dola 27 hadi kilo moja, dola 38 hadi kilo mbili. Santuri kubwa moja na boksi lake ni kama gramu 480, inaingia ngazi ya kwanza kwa kujibana. Hizi zinazotengenezwa siku hizi kwa ajili ya watu wanaopenda vitu vizito, zenye gramu 180 diski peke yake, zinapita gramu 500 na kukurusha ngazi ya pili kwa ajili ya gramu ishirini. Lakini santuri kubwa tatu ni kama gramu 940, bado ngazi ya pili: dola 9 kila moja. Saba ni kama kilo 1.86, ngazi ya tatu: dola 5 na senti kila moja. Boksi linalipiwa mara moja, iwe na abiria mmoja au saba.

Kwa santuri ndogo hesabu inachekesha zaidi. Kila moja na ganda lake tuseme gramu 50, bahasha ngumu na kadibodi zake gramu 110. Moja ni gramu 160, unalipa dola 20. Saba ni gramu 460, unalipa dola 20 zile zile. Ya nane inakufikisha gramu 510. Kwa hiyo saba ndiyo namba yetu. Chini ya hapo unasafirisha hewa.

Na ile dola 27? Nilimwandikia muuzaji kwa upole kumuuliza. Ikawa jedwali lake halijui tofauti ya santuri ndogo na kubwa. Ameandika santuri moja hadi tatu, bei moja, akifikiria kubwa zenye kilo. Alipoona namuuliza kuhusu gramu akarekebisha, ikawa dola 20. Ujumbe mmoja, dola 7. Wengi hawaulizi kwa sababu wanadhani bei ya kwenye skrini imeandikwa na mashine.

Kampuni za haraka za vifurushi, zile zenye magari ya rangi kali, ziepuke kwa santuri kubwa isipokuwa una haraka ya ajabu. Zenyewe hazipimi uzito peke yake, zinapima na nafasi. Wanazidisha urefu kwa upana kwa kimo kwa sentimita, wanagawanya kwa 5,000, na jibu wanaliita kilo. Boksi la santuri moja, sentimita 35 kwa 35 kwa 6, linatoa 1.47. Kwa hiyo santuri yako ya nusu kilo inalipishwa kilo moja na nusu. Umbo lake ndilo linaloiponza, pana kama sinia na nyembamba kama chapati. Mwaka juzi nililetewa mzigo na kampuni moja ya namna hiyo, sitaitaja, na juu ya kodi wakaniwekea ada ya kuishughulikia kodi hiyo, ambayo ilikuwa kubwa kuliko kodi yenyewe. Nililipa, kwa sababu mzigo ulikuwa mikononi mwao na mimi nilikuwa mlangoni nimevaa kandambili.

CD zina njia yake ya mkato. Kasha la plastiki ndilo zito. CD na kasha lake ni kama gramu 100, diski yenyewe gramu 15 au 16. Mwambie muuzaji atoe diski na kijitabu, kasha aliache huko kwake. Makasha matupu hapa mjini hayana shida, na lile la kutoka Ulaya mara nyingi hufika limepasuka.

Upande wetu wa bahari kuna mambo mawili ambayo hayaandikwi kwenye nauli lakini yanaipandisha. La kwanza ni shilingi. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 2,330. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Kwa nauli ya dola 25 hiyo ni kutoka shilingi 58,250 hadi 65,000, bila posta yoyote kupandisha chochote. Bado hujaweka makato ya kadi ya mtandaoni unayojaza kwa simu, ambayo hubadilisha fedha kwa bei yao, si ile ya kwenye taarifa ya habari. La pili ni forodha. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, na ushuru utakaokadiriwa, na uwe na risiti ya manunuzi kwenye simu, maana bila risiti mkadiriaji atakadiria kwa kichwa chake, naye hajui kuwa santuri iliyokwaruzwa ni dola 9. Usimwombe muuzaji aandike zawadi au aandike dola moja. Ikipotea utafidiwa dola moja.

Safari ya mwisho, kutoka Dar hadi kwenye sanduku la posta hapa Tanga, haina maajabu. Inachukua siku zake. Andika namba ya simu kwenye anwani pamoja na S.L.P., ndilo jambo moja lililowahi kunisaidia kweli.

Kuna na njia za pembeni. Mtu anayekuja ni njia ya kwanza na bora: mtoto wa jirani anayesoma Ulaya, binti wa mtu anayekuja kwenye harusi. Santuri saba ndogo ni gramu 350, hazijai hata mfuko wa kompyuta. Unamtumia muuzaji anwani ya huko, nauli ya ndani ya nchi ni ndogo, na msafiri unamlipa kwa halua na shukrani. Tatizo ni kwamba kila mtu ana wazo hilo hilo, na binti wa harusi tayari kabeba nguo za watu wanane. Njia ya pili ni mawakala wa makontena, wanaokusanya mizigo ya watu wengi kule Uingereza au Dubai na kuileta kwa bei ya kilo au ya nafasi. Kwa santuri hamsini inalipa. Kwa moja hawatakujibu simu.

Mjomba hili la makontena lilimchekesha kwa sababu nyingine. Alifanya kazi ya reli ukingoni mwa bandari, anakumbuka meli zikitia nanga mbali na mizigo ikihamishiwa kwenye matishari kuletwa gatini. Sasa bandari yetu imechimbwa, kina kimefika mita 13, meli zinafunga gatini zenyewe. "Meli kubwa namna hiyo zinaingia Tanga," akasema, "na santuri yangu ipite angani, ishuke Dar, irudi kwa gari mpaka Segera na kupinda kulia?" Sikuwa na la kuongeza.

Kwa hiyo sasa tunasubiri saba. Nyuma ya kalenda ya mwaka jana mjomba ameandika orodha kwa mkono wake mzuri wa karani wa reli: ile ya Jamhuri Jazz iliyopotelea Makorora, nyingine mbili za Jamhuri, mbili za Atomic. Muuzaji wa Uholanzi anazo zote tano, na amekubali kutuwekea kwa mwezi mmoja. Tumebakiwa na nafasi mbili, na mjomba anasitasita. Hataki kujaza bahasha kwa santuri asiyoijua, na wala hataki kulipia nafasi tupu.

Jana usiku alikuwa bado anakuna kichwa na kalamu mkononi, mkaza mjomba akasema kutoka jikoni, bila kutoka nje:

"Si mmesema zimebaki gramu mia? Hizo zangu. Niandikieni Lucky Star, mbili. Na mizani yangu iko wapi?"